Betri Iliyokufa Haiondoki Remba Yenyewe

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya fuo na visiwa, kuhusu kituo cha kupokea taka zisizo na mnunuzi



Mazungumzo haya hayahusu kila aina ya taka. Maganda ya ndizi na matumbo ya samaki huoza. Vyuma vikuukuu vina wateja wake, na mtu wa skrepu hahitaji kuitwa mara mbili. Hata chupa ya soda ya plastiki, ingawa bei yake ni ndogo, hupata kijana wa kuiokota. Kinachozungumziwa ni kile ambacho hakuna anayekitaka: betri ya taa iliyokufa, nyavu zilizochanika, oili chafu ya jenereta, simu iliyovunjika, paneli ya sola iliyopasuka, balbu, nepi za kutupa. Hapa vitaitwa taka sugu, kwa sababu haviozi, haviuziki kirahisi, na baadhi yake ni sumu.

Mji wa bara ukishindwa na taka za namna hiyo, huchimba shimo mbali na nyumba. Remba haina nafasi hiyo. Kisiwa ni mwamba. Hata choo ni taabu kuchimba, sembuse jaa la taka. Nyumba za mabati zimesongamana hadi karibu na maji, na maji yenyewe ndiyo ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga na ya kuoshea samaki. Kwa utawala kisiwa kimo katika wadi ya Mfangano, Suba Kaskazini, Kaunti ya Homa Bay, lakini riziki yake imefungamana pia na Muhuru na Sori upande wa Migori, na wakazi wake wametoka pande zote za ziwa. Kila kitu kilichopo kililetwa na boti: unga, soda, mabati, nepi, betri. Samaki huondoka kwa boti vilevile. Mabaki ya vile vilivyoletwa ndiyo hubaki, yakisubiri mawimbi au kiberiti.

Aliye na haraka atasema wimbi ni mchukuzi wa bure. Wimbi halichukui mbali. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Maji hutoka kwa mto mmoja, Nile, kule Jinja. Kinachotupwa Remba hutua Mfangano, Takawiri au Ringiti, na kinachotupwa huko hurudi Remba upepo ukigeuka.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa samaki walionunuliwa sokoni Mwanza, Tanzania: mbuta 20 na ngege 20. Walipopasua matumbo walithibitisha vipande vidogo vya plastiki katika asilimia 20 ya kila aina. Hao ni samaki wa ziwa hili hili, wa aina zile zile zinazopakiwa kwenye barafu kila asubuhi. Mnunuzi wa nje akianza kuuliza maswali juu ya plastiki, hatauliza Mwanza peke yake.

Betri ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote, kwa hiyo zistahili muda mwingi zaidi.

Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta ya taa, yenye moshi, yenye gharama kila usiku, na yenye kuunguza mkono. Leo wavuvi wengi wametumia balbu za LED na betri, na hakuna sababu ya kuwarudisha nyuma. Lakini karabai ikiharibika hubaki bati tu, ambapo betri ikiharibika hubaki sumu. Betri ya kawaida ya asidi, ile ya gari au ya pikipiki, zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, na ndani yake mna asidi ya salfa. Ikikaushwa chaji hadi mwisho kila usiku, kama inavyofanyika kwenye taa za omena, haifiki umri iliyotengenezewa. Ndiyo sababu kisiwa cha wavuvi huzalisha betri kuukuu nyingi kuliko kijiji cha bara chenye watu idadi ileile.

Risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327. Jiko la makaa linatosha. Na mvuvi anahitaji vizito vya kuzamishia nyavu. Hapo kishawishi huwa kikubwa: betri ipasuliwe, asidi imwagwe kando ya mwamba, mabamba yayeyushwe kwenye sufuria, vizito vimwagwe kwenye mchanga. Kazi ya saa moja, na pesa imeokolewa. Yasiyoonekana ni vumbi na moshi vinavyotua kwenye nguo, kwenye samaki waliotandazwa kukauka, na kwenye udongo ambao mtoto anachezea kisha analamba vidole. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo risasi huharibu ubongo. Hatakuwa na jeraha la kuonyesha daktari. Atakuwa mtoto anayechelewa kusema, anayeshindwa darasani, mwenye tumbo linalomuuma bila sababu. Akipata dozi kubwa hufa.

Hilo si la kutishia watu. Thiaroye sur Mer ni mtaa wa wavuvi kandokando ya Dakar, nchini Senegal. Watu wa pale walikuwa wakivunja betri za magari kwa miaka. Bei ya risasi ilipopanda, wengine wakaanza kuchekecha udongo uleule ili kupata vipande vilivyobaki, na udongo wakaupeleka hadi majumbani kwenye magunia. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye risasi. Wazazi walikuwa wanatafuta chakula cha watoto hao hao.

Na hapa nchini, Mombasa, kuna kijiji cha Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ubavuni mwa nyumba za watu mwaka 2007 na kikafungwa 2014, baada ya wakazi kuandamana na kupima damu za watoto wao. Phyllis Omido, mama aliyewaongoza baada ya mwanawe mwenyewe kupatikana na sumu hiyo, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda Mahakama ya Rufaa, ambako hukumu ilitenguliwa, hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirudisha fidia hiyo. Hesabu ya miaka inatosha: kiwanda kilifanya kazi miaka 7, na haki imetafutwa zaidi ya muongo mmoja. Udongo wa Owino Uhuru ungeweza angalau kuchimbwa na kuondolewa. Mwamba wa Remba hauchimbiki, na maji yanayouosha ndiyo yanayonywewa.

Ajabu ni kwamba suluhisho la betri lilianzia karibu sana na hapa. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya OSRAM, pamoja na shirika la Global Nature Fund, ilianzisha Mbita mradi ulioitwa Umeme kwa Wote. Kituo kilikuwa na paneli za sola. Mvuvi aliweka amana, akachukua taa na betri iliyojaa, akavua usiku, na asubuhi akarudisha kuchajiwa kwa ada. Betri haikuwa mali yake. Ilikuwa ya kituo. Ilipochoka ilikuwa tayari imo mikononi mwa mwenye wajibu wa kuiondoa. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kuhusu mazingira ili airudishe, kwa maana pesa yake ilikuwa ndani.

Hili la amana ndilo jambo kuu katika mazungumzo haya, kuliko majengo na mabango. Pipa likiwekwa ufuoni na kuandikwa "Tupa Betri Hapa", litajaa ngozi za miwa na karatasi za peremende, na baada ya miezi miwili mtu atalipeleka nyumbani kuwekea maji. Mapipa ya aina hiyo yamewahi kuonekana kwenye fuo nyingi za ziwa hili. Lakini duka linalouza betri likiongeza shilingi mia kadhaa juu ya bei, na kuzirudisha siku betri kuukuu inapoletwa, betri itarudi. Asipoirudisha mwenyewe, kijana mwingine ataiokota na kuirudisha kwa niaba yake. Watu wazima wanakumbuka chupa za soda za kioo: hakuna aliyekuwa akizitupa ziwani.

Sheria sasa iko upande wa mpango kama huo. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Jedwali la Nne linakabidhi kaunti kazi ya kuondoa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imekwenda mbali zaidi: inazitaka kaunti ziweke miundombinu ya kutenganisha na kukusanya taka, na inamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa na kutumika. Kanuni za kutekeleza wajibu huo zilitolewa mwaka 2024. Kwa lugha ya ufuoni, anayeleta betri, nepi au simu katika soko la Kenya anapaswa kuchangia gharama ya kuiondoa inapokufa. Remba ni soko la Kenya. Kwa miaka mingi kampuni zimejua njia ya kufikisha bidhaa hadi duka la mwisho la kisiwa, na haiwezekani zijue njia ya kwenda tu na zisijue ya kurudi.

Betri za lithiamu, zile nyembamba za simu na za taa mpya za sola, si za kuchanganywa na hizo za asidi. Hazina risasi, lakini zikitobolewa au kupondwa huwaka moto ambao maji kidogo hayauzimi. Kwenye kisiwa ambacho nyumba zimegusana na petroli huuzwa kwa chupa, moto mmoja unatosha. Hizo ziwekwe kwenye bati lenye mchanga mkavu, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe wa gundi, na zisihifadhiwe zikiwa zimevimba hata usiku mmoja ndani ya nyumba ya kulala.

Sasa nyavu. Wavu uliochanika ukiachwa majini huendelea kuvua bila mwenyewe. Samaki ananaswa, anaoza, anawavuta wengine, nao wananaswa. Ukiachwa ufuoni, jua huukatakata kuwa nyuzi fupi, na mvua huzisukuma ziwani. Ukichomwa, moshi wake ni mbaya, hasa karibu na vichanja vya omena.

Nyavu nyingi za makini ni za nailoni, na nailoni inaweza kuyeyushwa ikawa uzi tena. Nchini Ufilipino mradi wa Net-Works ulioanza mwaka 2012 uliwafikia wavuvi wa visiwa vidogo. Waliosha nyavu kuukuu, wakazitenganisha na kamba na maboya, wakazifunga marobota, na nyuzi zake zikaishia kuwa mazulia. Kilichofanya ule mradi usimame ni vikundi vya kuweka akiba: malipo ya nyavu yalipitia kikundi ambacho wanachama walikuwa wakikiamini tayari. Remba ina vikundi vya akiba. Kwa hivyo msingi upo kabla ya gari la mnunuzi kupatikana, na mnunuzi yeyote huuliza kwanza kuna tani ngapi safi zilizofungwa, ndipo azungumze bei.

Lamu nayo ni mfano, tena wa watu wa kisiwani. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa na mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda, lilitengenezwa kwa plastiki iliyookotwa fuoni na kupambwa kwa maelfu ya malapa makuukuu. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, na mwaka 2021 jahazi la aina hiyo lilizunguka Ziwa Victoria, Kenya, Uganda na Tanzania. Watu wengi walilitazama kama maonyesho, wakapiga picha, wakarudi kazini. Wangetazama kilicho nyuma yake: karakana ya kuchakata plastiki iliyowekwa kisiwani kwenyewe, ili taka isisubiri meli ya kwenda Mombasa.

Kuna kikwazo kimoja cha nyavu ambacho hakisemwi barazani, nacho kisiposemwa sanduku la nyavu litabaki tupu. Nyavu za uzi mmoja zimepigwa marufuku nchini, na zile za macho madogo vilevile. Anayemiliki mzoga wa wavu kama huo hatauleta mchana kwenye kituo chenye bendera ya serikali, akijua afisa wa uvuvi hupita. Atausukuma ziwani usiku. BMU, idara ya uvuvi na kaunti wanahitaji kukubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba wavu uliokwisha kufa na kuletwa kwa hiari hautageuzwa ushahidi. Wavu mzima unaovua ni habari nyingine, na sheria ibaki pale pale. Baadhi watasema huko ni kuwalegezea wavunja sheria. Lakini wavu ulio ndani ya gunia hauvui samaki mchanga, na ule ulio chini ya maji unavua.

Chandarua cha mbu kilichochakaa kiingie kundi hilohilo. Kina dawa, na hakifai kuvulia wala kuanikia dagaa.

Kuhusu oili, jambo moja linahitaji kusahihishwa. Injini nyingi za boti ziwani ni za mipigo miwili: oili huchanganywa na petroli na kuungua humo humo. Zinachoacha ni chupa tupu zenye mabaki, na ule utando unaoelea gatini. Oili chafu hasa hutoka kwenye jenereta na kwa mafundi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, hueleza kwamba oili ya kubadilishwa mara moja kwenye gari inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji, kiasi cha kuwatosha watu 50 mwaka mzima. Mapipa mawili yenye vifuniko, faneli na mchanga wa kumwagia yakidondoka vinatosha kwa kisiwa kizima. Isipakwe kwenye mbao za boti, ingawa ni desturi ya zamani, maana kinachopakwa juu hatimaye huingia majini.

Nepi za kutupa, zile ambazo kila mtu huziita pampasi, zinastahili maneno machache ya kweli. Hazina mchakataji wa karibu, na kituo kisijifanye kwamba zitageuzwa kitu. Kituo kitazipokea zikiwa zimekunjwa na kufungwa, zisafirishwe hadi jaa halali la bara. Mama anayeweza kutumia nepi za kitambaa mchana na ya kutupa usiku tu atapunguza mzigo kwa sehemu kubwa, na ataokoa pesa. Lakini maji ya kufulia ni kazi, na kazi hiyo haimwangukii anayetoa ushauri. Ndiyo sababu nepi zisifanywe kisa cha kuwalaumu kina mama kwenye mabaraza.

Sindano, wembe wa hospitali na dawa zilizopitwa na muda hazipokelewi kabisa. Hizo ni za zahanati, kwenye kisanduku chake maalumu.

Kituo chenyewe hakihitaji kuwa jengo la kifahari. Kinahitaji paa, sakafu ya saruji yenye ukingo ulioinuka pembeni ili asidi au oili ikimwagika isitoke, na mlango wenye kufuli. Kisiwe jirani na shule wala mahali pa kuteka maji. Kiwe juu ya pale maji yalipofika mwaka 2020, ziwa lilipofurika na kuvunja rekodi ya miaka ya sitini, na likapanda tena 2024. Jambo hili huonekana dogo kwenye ramani. Kituo cha betri kilichozama ni kibaya kuliko kutokuwa na kituo.

Mizani iwe ya kwake. Ufuo una mizani ya samaki, na kishawishi cha kuitumia kupima betri jioni kitakuwepo. Isitumike hata mara moja.

Alama za mlangoni ziwe za picha. Kisiwa kinasema Kijaluo, Kisuba, Kiswahili na Kiganda, na wengine wanaowasili msimu wa samaki hawasomi hata moja kati ya hizo. Ufunguo usikae kwa mwanaboti, kwa sababu wanaboti hufuata samaki, na mwezi ujao wanaweza kuwa upande wa Uganda. Ukae kwa mtu ambaye hahami: mwenye duka, mama wa hoteli, au katibu wa kikundi cha akiba. Na alipwe. Kazi ya kujitolea inayohusu asidi hudumu mpaka mfadhili wa chai atakapochoka.

Swali lililobaki ni la boti. Boti za bidhaa hufika Remba zikiwa zimejaa na kurudi bara zikiwa nyepesi. Huo ndio usafiri, na gharama yake ya ziada ni ndogo kuliko kukodi boti maalumu. Lakini usafirishaji wa taka unahitaji leseni ya NEMA, na taka za sumu zina masharti zaidi. Haimfai nahodha kukamatwa Mbita akiwa anatenda wema. Kaunti ndiyo yenye uwezo wa kusaidia boti moja au mbili zipate leseni, mabeseni ya kubebea, glavu, na bima ikiwezekana. Boti ya barafu na samaki isibebe betri kamwe, hata kama mwenyewe ameahidi kuiosha.

Wapo watakaokuja na bei nzuri kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa maana maji ya Uganda si mbali na betri kuukuu zina soko. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unakataza taka za sumu kuvuka mpaka bila idhini ya maandishi ya nchi inayopokea. Anayelipa taslimu usiku bila karatasi anazipeleka mahali ambapo mtoto wa mtu mwingine atazivuta pumzi. Betri za Remba zielekee Mbita, kisha kwa mchakataji mwenye kibali. Simu na vifaa vingine vya umeme vina mahali pake pia. WEEE Centre ya Nairobi imekuwa ikivibomoa na kuvitenganisha tangu mwaka 2012.

Safari ya kwanza ifanywe na betri peke yake. Nyavu zitasubiri, oili itasubiri kwenye pipa. Betri zisimame wima, vifuniko juu, ndani ya beseni la plastiki lisilotoboka, na zile zilizopasuka ziwe kwenye beseni lake. Zisimwagwe asidi ili kupunguza uzito. Mchakataji anazitaka nzima, na asidi iliyomwagwa Remba ndiyo iliyokuwa inakimbiwa. Karani wa kituo aandike idadi na kilo kwenye vitabu viwili, nahodha atie sahihi, na mpokeaji Mbita atie sahihi akiwa amehesabu upya mbele ya nahodha. Nakala moja irudi kisiwani kwa boti ileile na ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya BMU. Betri 40 zikiondoka na 37 zikapokelewa, hakuna beseni lingine litakalopakiwa mpaka ijulikane zile 3 zilishukia ufuo gani.